Boti ya Roosevelt Yancey

Boti ilipotolewa majini, samaki watatu aina ya krapi walikuwa bado wamo ndani, wakirukaruka topeni chini ya kiti cha nyuma. Mzamiaji mmoja aliwaokota na kuwarudisha ziwani mmoja baada ya mwingine. Kanuni za kazi zilisema kisiguswe kitu, lakini Odessa Crume, mpelelezi wa kaunti, aligeuza uso akamwacha.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, wikiendi ya mwisho wa Mei, ile ambayo waumini wa kanisa la Mlima Nebo hukusanyika Ziwa Hatcher kuvua. Wapo waliotoka Memphis, wapo waliotoka St. Louis, na wapo waliovuka barabara tu. Zamani, Odessa alipokuwa msichana mwenye mapengo, magari yalipangana hadi kwenye lami, redio zikitangaza besiboli, akina mama wakipigana vikumbo kutafuta kivuli cha kuweka viti vyao. Siku hizi magari yote yalienea chini ya miti michache ya pikani. Lakini samaki hawakuwa na habari hiyo. Blugili, wale samaki wadogo wapana, walikuwa wanataga, na ukisimama gatini jua likiwa mgongoni uliviona viota vyao chini ya maji, viduara vyeupe vilivyobanana, na harufu yao kama ya tikiti lililopasuliwa ikipanda mpaka njiani.

"Sema tena," Odessa alimwambia Dewayne Suggs, kinyozi wa Memphis ambaye ndiye aliyeigundua boti.

"Dada, nimeshasema mara tatu."

"Sema ya nne. Ya nne ndiyo huja na ukweli."

Dewayne alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Nilikuwa natafuta krapi kule Ghuba ya Mierezi, ng'ambo ya pili. Kioo changu cha umeme cha kuonea samaki kikanionyesha kundi kubwa, wamesimama wima kama watu wanaongoja mlango wa kanisa ufunguliwe. Chini yao kuna kitu kirefu, kimenyooka. Nikajiambia, mti haunyooki hivyo. Nikashusha chambo, kikanasa. Nikavuta kwa nguvu, likaja bati lenye namba."

"Ukafanya nini?"

"Nikamwonyesha mzee mmoja gatini. Akaisoma ile namba, akakaa chini. Akasema hiyo ni boti ya Roosevelt Yancey."

Hakuna mtu wa Mlima Nebo ambaye hakulijua jina hilo. Roosevelt Yancey alitoka kuvua Jumamosi moja ya wikiendi kama hii, mwaka 1979, na hakurudi. Siku ya pili rafiki yake wa kufa na kuzikana, Hosea Ledbetter, aliikuta kofia yake ikielea karibu na daraja. Watu walikokota nyavu pale darajani wiki nzima. Hawakupata mwili wala boti. Ndipo mtu fulani akakumbuka kwamba jioni ya Jumamosi ile Roosevelt na Hosea walisikika wakigombana gatini, na Hosea, alipoulizwa waligombania nini, alifunga mdomo. Hakushtakiwa, kwa kuwa hapakuwa na maiti. Lakini tangu siku hiyo hakuna aliyemwita tena Shemasi Ledbetter, na akina mama walizoea kuwavuta watoto wao karibu alipopita.

Simu ya Odessa ililia. Alikuwa mkuu wake, Gaddis.

"Imetobolewa?" Gaddis aliuliza.

"Ndiyo kwanza nainama, mkuu."

"Mwendesha mashtaka ameshasikia. Boti imefichwa, mtu amepotea, na aliyegombana naye yupo hai. Anamtaka Ledbetter Jumatatu asubuhi."

"Mzee wa watu ana miaka themanini na ushee."

"Kuua hakuna umri wa kustaafu, Crume. Una leo na kesho."

Odessa alipiga magoti kwenye tope. Alianza mbele ya boti akaenda nyuma pole pole, kama mtu asomaye. Bati halikuwa na tundu wala alama ya shoka. Kizibo cha kutolea maji hakikuwepo mahali pake. Kilikuwa kimening'inia kwa mnyororo wake kando, kimefunguliwa kwa mkono. Matofali ya dohani la zamani yalipangwa chini ya viti sawa kwa sawa, kushoto na kulia, ili boti izame bila kupinduka. Injini haikuwepo, na pale ilipokuwa imebanwa hapakuwa na mkwaruzo; mtu alifungua skrubu zake kwa utulivu, akaiondoa.

"Aliyefanya hivi hakuwa na haraka," alisema.

Dewayne, aliyekuwa hajaambiwa aondoke, alichungulia. "Na ile miti?"

Hiyo ndiyo iliyomtatiza. Juu ya viti ilifungwa mierezi, sasa imebaki mifupa myeusi ya matawi. Kila mvuvi wa Tennessee Magharibi huzamisha miti ili krapi wapate pa kujificha, naye apate pa kuwakuta. Lakini muuaji anayeficha boti ya marehemu hana sababu ya kuwajengea samaki nyumba.

Odessa alikwangua tope kwenye shina moja. Hakuona kamba wala waya. Ulikuwa utepe wa nailoni, mpana wa vidole viwili, na ncha zake hazikufungwa fundo la kivuvi. Zilikuwa zimeshonwa, mishono midogo ya kwenda na kurudi, imekaza hadi leo.

Utepe huo aliujua. Ulikuwa wa viunoni mwa suruali, kutoka kile kiwanda cha nguo kilichofungwa zamani, ambamo nusu ya wanawake wa kaunti walimalizia macho yao. Mama yake alirudi nao nyumbani umezungushwa kwenye mkono, akaufungia nyanya bustanini.

Kisha vidole vyake vikachomwa. Kwenye matawi kulikuwa na ndoana, nyingi, ndogo, zilizonasa na kukatika mwaka baada ya mwaka. Nyingine zilikuwa kutu tupu na uzi mwekundu uliozungushwa shingoni. Nyingine zilibakiza unyoya. Moja, tawi la juu kabisa, ilikuwa mpya: manyoya ya kuku ya manjano, uzi mwekundu, ndoana iking'aa.

Odessa aliikata akaitia kwenye bahasha ya ushahidi, pamoja na mbili zenye kutu. Hakumwonyesha Dewayne. Aliijua kazi ya mkono ule kama mtu ajuavyo mwandiko wa mwalimu wake wa kwanza, na ndiyo sababu hakwenda kwa mwenye mkono huo kwanza. Alikwenda kwa Hosea Ledbetter, akiomba moyoni awe amekosea.

*

Hosea alikuwa peke yake mwisho wa gati, mwanzi wake mrefu wa kuvulia umeegemea goti, kizimba kidogo cha waya chenye nyenje wa chambo kikilialia kando yake. Alikuwa mwembamba, shati jeupe limefungwa hadi kifungo cha shingo. Hakugeuka.

"Mifupa imo?" aliuliza.

"Haimo, Mzee Hosea."

Mabega yake yalishuka. Odessa alikuwa amehoji watu wengi wenye hatia na alijua jinsi mtu anavyopumua akisikia kwamba maiti haikupatikana. Mzee huyu hakupumua hivyo. Alikuwa kama mtu aliyenyimwa.

"Basi niendelee kutafuta," alisema.

Hilo nalo lilijulikana. Kila mwaka, watu wakishaondoka, Hosea alizunguka ziwa lote na ndoana kubwa za chuma akikokota chini. Watu walisema anatafuta maiti aihamishe.

"Jumatatu watakuja kukuchukua," Odessa alisema, akaketi ubaoni, miguu ikining'inia. "Nataka kujua mligombania nini."

"Baba yako aliniuliza swali hilo. Baba yako alikuwa rafiki yangu, na sikumjibu."

"Baba hakuwa na pingu kiunoni."

"Unanitisha, Dessa?"

"Nakubembeleza. Nikitisha utajua."

Mzee alicheka kidogo. Boya lake lilicheza, likatulia. "Unakumbuka nilivyokufundisha kumshika blugili? Ulilia, ukasema ana miiba."

"Ukaniambia nimlaze mapezi kwa kiganja, toka kichwani kwenda mkiani."

"Naam. Ukienda kinyume anakuchoma. Kuna mambo ni hivyo hivyo, mwanangu. Yanashikwa upande mmoja tu." Akaurekebisha mwanzi gotini. "Nikikwambia, Earline asisikie."

Earline alikuwa mkewe Roosevelt. Odessa alitikisa kichwa. "Siwezi kukuahidi hilo."

"Basi sina la kusema."

"Mzee Hosea. Boti haikuwa darajani. Ilikuwa Ghuba ya Mierezi, ng'ambo, karibu na barabara kuu. Jumapili ile upepo ulikuwa unatoka wapi?"

Hosea alifikiri, na uso wake ukaanza kubadilika. "Kusini. Maji yalikuwa yanapiga gati hili."

"Kwa hiyo kofia ingesukumwa kaskazini. Daraja liko kusini. Kofia haiogelei dhidi ya upepo."

Mzee aliweka mwanzi chini. Mikono yake haikujua ikae wapi.

"Alitaka nimpeleke barabara kuu," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini sana. "Kwenye kituo cha basi. Alikuwa na sanduku ndani ya boti, amelifunika turubai. Akasema amechoka: kazi, nyumba, mahubiri, kila kitu. Anakwenda kaskazini, ataandika akifika. Nikamwambia, Roosevelt, una mke na watoto wawili, lori langu halitabeba uovu huo. Akanitukana, nami nikamtukana. Akasema basi nitavuka mwenyewe kwa boti. Giza lilikuwa linaingia, na mawingu. Nikamwacha aende."

"Ukadhani alizama njiani."

"Kwa sababu yangu. Ningempeleka kwa lori angekuwa hai." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Ningesema tuligombania nini, Earline angejua mumewe amekufa akimkimbia. Bora anione mimi muuaji kuliko ajione yeye aliachwa. Mimi sikuwa na mke. Jina langu lilikuwa langu peke yangu kulipoteza."

*

Bi Earline Yancey alikuwa kwenye maji mafupi chini ya mti wa mwerebi, kofia ya ukindu hadi kwenye nyusi, amekalia kiti ambacho Odessa alikuwa na hakika ni kilekile cha utotoni mwake. Ndoo yake ilikuwa inachemka kwa blugili. Aliinua mwanzi bila kusimama, akamshika samaki kiganjani, akamtoa ndoana, akatia nyenje mwingine, yote hayo kwa muda ambao mwingine angetumia kukohoa.

"Umenenepa, Dessa."

"Na wewe umepungua, Bi Earline."

"Mimi naisha, wewe unaongezeka. Ndiyo mizani ya Mungu." Alitupa jicho kwenye miguu ya Odessa. "Mtu haji kwa blugili na buti za serikali. Umekuja kikazi. Chukua mwanzi ule, nisionekane nahojiwa."

Odessa aliuchukua. Ulikuwa mwepesi, umekolea jasho la mikono. Alitupa mshipi ukingoni mwa viota. Mahali hapahapa mama yake aliimba sauti ya pili na Bi Earline ya kwanza, wamevua viatu, wakicheka mambo ambayo watoto walifukuzwa wasiyasikie.

"Boti ni yake," Odessa alisema.

"Nimesikia. Hapa habari huogelea kuliko samaki."

"Hukuja kuiona."

"Niliiona ikiwa mpya."

"Injini haimo."

"Wezi hawakosekani."

"Hata chini ya maji?"

Bi Earline alivuta samaki mwingine, mdogo, akamrudisha. "Hata chini ya maji."

"Na miti imefungwa kwa utepe wa kiwandani."

"Wanawake wote wa kiwanda kile waliuiba utepe ule. Mama yako, Mungu amlaze pema, alifungia nyanya."

"Ni kweli. Lakini mama aliogopa maji. Hata boti iliyofungwa gatini hakuingia." Odessa alitoa bahasha mfukoni, akaziweka zile ndoana tatu juu ya aproni ya Bi Earline, moja moja. "Hii imekula kutu. Hii imebaki uzi. Hii manyoya yake bado yana mafuta ya kuku. Mtu amekuwa akivua juu ya boti ile tangu ilipozama mpaka mwaka huu, na kuvua hapo lazima ujue kwamba ipo. Mimi namjua mtu mmoja tu anayefunga manyoya ya manjano kwa uzi mwekundu. Alinipa ndoana moja nikiwa darasa la nne."

Boya la Bi Earline lilizama moja kwa moja. Hakuvuta. Mwanzi ulijikunja, ukanyooka, samaki akaenda zake na nyenje.

"Nilijua kile kioo cha yule kinyozi kitanifikisha pabaya," alisema. "Zamani mtu aliweza kuficha kitu ziwani."

"Roosevelt yuko wapi, Bi Earline?"

"Unafikiri nilimuua?"

"Mimi sifikiri. Mwendesha mashtaka ndiye atafikiri, akishamalizana na Hosea."

"Hosea? Hosea kafanya nini?"

"Jumatatu wanamkamata."

Kwa mara ya kwanza yule mama alimtazama usoni. Macho yake yalikuwa mepesi, yamezungukwa na ukungu wa uzee, na hofu iliyokuwamo haikuwa ya kujihofia.

"Lakini hawakumshtaki wakati ule."

"Wakati ule hawakuwa na boti."

Bi Earline alilaza mwanzi majanini. Alizungumza akitazama maji.

"Jumapili asubuhi nilifungua kabati nikakuta suti yake haipo. Sikuhitaji kuambiwa na mtu. Nikaendesha gari hadi ng'ambo, mahali ambapo ningeshuka kama ningekuwa mimi nataka basi. Boti ilikuwa imefungwa kwenye mwerezi, vizuri kabisa, Roosevelt alikuwa nadhifu. Juu ya kiti kaweka kofia yake ya kuvulia na funguo za nyumba." Alitikisa kichwa. "Funguo, Dessa. Wala si neno. Nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tatu, nina watoto wawili. Nikasimama pale nikafikiri. Mjane huletewa keki. Mke aliyeachwa huletewa ushauri."

"Ukaitupa kofia darajani."

"Nikaitupa. Boti nikaifunika matawi mpaka waliponichosha kwa rambirambi, kisha nikaenda kuizamisha."

"Na injini?"

"Iko chini ya sakafu ya nyumba yangu, imeviringishwa blanketi. Injini ilinunuliwa na mshahara wangu wa kiwandani. Boti ilikuwa yake."

Odessa alijikuta anataka kucheka, akajizuia. "Na mierezi je?"

"Sikupenda iharibike bure. Kama lazima ikae chini, basi ifuge samaki. Nimelisha kanisa zima krapi wa boti ile."

"Na Hosea ukamwacha."

Bi Earline aliivuta kofia yake chini zaidi. Upande wa pili wa ghuba mtu alipiga yowe la furaha, amepata mkubwa.

"Nilijiambia yatapita. Polisi wamemwacha, nikasema na watu wataacha. Hawakuacha. Nilipotaka kusema nikakuta nimechelewa mwaka mmoja, kisha mitatu. Kila mwaka uliokuja ulinikuta nimechelewa zaidi. Nikawa nampelekea keki. Hizo hizo nilizoletewa mimi."

"Nahitaji kuthibitisha kwamba Roosevelt alifika alikokwenda. Vinginevyo haya ni maneno yako tu."

"Alipiga simu mara moja. Watoto walikuwa wakubwa tayari. Kutoka Gary, Indiana. Nikasikia pumzi nikajua ni yeye. Unajua aliniuliza nini? 'Earline, blugili wameshaanza kutaga?'"

"Ukamjibu?"

"Nikamwambia ndiyo. Nikakata simu. Nikakaa jikoni mpaka giza likaingia."

*

Odessa alimjua mtu mmoja katika polisi wa Gary, aliyewahi kusoma naye kozi. Alimpigia akiwa amesimama nyuma ya nyumba ya Bi Earline, tochi mkononi, baada ya kutambaa chini ya sakafu na kuikuta injini ndani ya blanketi lake, kavu, imepakwa grisi. Jibu lilikuja mchana huohuo. Roosevelt Yancey, mzaliwa wa kaunti hii, tarehe ileile ya kuzaliwa, alifanya kazi kiwanda cha chuma, akafariki hospitalini kwa maradhi ya mapafu majira ya baridi ya mwaka 2003. Hakuwa ameoa tena. Aliyekwenda kumtambua alikuwa mwenye nyumba aliyempangisha chumba.

Alimwambia Bi Earline jikoni kwake. Bi Earline alikunja na kukunjua kitambaa cha vyombo.

"Mimi nilidhani yu hai," alisema. "Nilikuwa bado namkasirikia kama mtu aliye hai."

"Nitaandika ripoti. Hakuna atakayekufunga kwa jambo la zamani hivi. Ripoti itamtosha Gaddis."

"Na Hosea utamwambia?"

"Hiyo si kazi ya polisi, Bi Earline."

Mama alisimama, akaifunga upya aproni yake. "Baba yako naye alikuwa mtu mgumu hivi hivi," akasema, akachukua ndoo.

Jioni, jua likiwa bado juu ya miti, Mlima Nebo walikuwa wamewasha majiko. Sufuria za mafuta zilinguruma, blugili wazima na minofu ya krapi wakigaragazwa kwenye unga wa mahindi, tambi nyekundu za nyanya zikipakuliwa kando, mkate mweupe, chupa za pilipili. Dewayne alikuwa akimweleza kila mtu habari ya kioo chake. Hosea alikaa meza ya mwisho peke yake na glasi ya chai ya barafu, kama alivyokaa kila mwaka.

Bi Earline alipita katikati ya meza, akasimama mbele yake. Watu walianza kugeuka, meza kwa meza.

"Hosea, nina neno. Nalitaka walisikie wote, kwa sababu wote walisikia la kwanza."

Akalisema. Hakulipamba. Suti, basi, funguo, kofia, matofali, mierezi, simu. Aliposema Roosevelt amelala makaburi ya Gary, mwanamke mmoja alishika mdomo. Aliposema kofia aliitupa kwa mkono wake, mchungaji mzee aliinamisha kichwa, kwa kuwa ndiye aliyempokonya Hosea ushemasi.

Hosea alisikiliza hadi mwisho, mkono umeganda kwenye glasi.

"Kwa hiyo hayumo humu majini," alisema.

"Hayumo. Hakuwahi kuwemo."

"Alifika."

"Alifika, Hosea."

"Mimi nilijua anaondoka." Mzee aliisukuma glasi kando. "Ndicho tulichogombania. Sikusema, Earline, ili wewe usijue."

Bi Earline alitafuta benchi kwa mkono, akaketi. Walitazamana hivyo, wazee wawili ambao kila mmoja alikuwa amekaa juu ya mfuniko wa chungu kimoja. Odessa alisogea hadi kwenye kivuli cha gari lake, simu mkononi, lakini hakumpigia Gaddis.

"Una haki ya kunitukana," Bi Earline alisema.

"Ninayo. Na nimekukasirikia. Nadhani nitakukasirikia mpaka majani yaanguke, labda na theluji ipite." Hosea alitazama ziwa, kisha sinia lililokuwa linapita mkononi mwa mtu. "Tangu siku ile sijatia mdomoni samaki wa humu. Nilivua, nikagawa. Nilimwona Roosevelt ndani ya kila mmoja." Akalielekezea sinia kidole. "Nipe blugili wawili. Wale wadogo, waliokaangwa mapezi yakakauka."

Bi Earline hakumwachia mtu mwingine kupakua. Aliwachagua mwenyewe, akaweka na mkate, akaleta sahani kwa mikono miwili. Hosea alimvunja wa kwanza kwa vidole, akatoa mfupa wote mzima kama mtu asiyesahau kazi, akatia kipande mdomoni. Alifumba macho. Alitafuna muda mrefu.

"Chumvi imezidi," alisema.

"Ndivyo ninavyowatia siku zote," Bi Earline akamjibu. "Wewe ndiye hukuwepo mezani."

Mtu mmoja alicheka, kwa woga, kisha mwingine. Hosea hakucheka. Alimvuta wa pili karibu, akasogea kwenye benchi, akamwachia Bi Earline nafasi.